Namna ya Kuomba Kibali na Ukaguzi wa Nyaya za Umeme Juu ya Dari ya Jengo la Biashara Nchini Marekani

Anayekusudia kupitisha nyaya juu ya dari ya ofisi au duka nchini Marekani aanze kwa kuiuliza idara ya majengo ya mji wake inafuata toleo lipi la Kanuni ya Taifa ya Umeme, kwani kanuni hiyo hutolewa upya kila baada ya miaka 3, lakini haiwi sheria mpaka jimbo au mji uipitishe. Chicago ina masharti yake yenyewe, na hushikilia bomba la chuma la kupitishia nyaya mahali ambapo miji mingine hukubali kebo.

Kisha fundi umeme mwenye leseni ajaze fomu ya kibali na kuambatisha mchoro unaoonyesha njia za nyaya na visanduku vya maungio. Mchoro useme wazi kama nafasi ya juu ya dari ndiyo inayorudisha hewa kwenye mitambo ya kupoza. Ikiwa ndivyo, kifungu cha 300.22(C) cha kanuni hiyo hudai bomba la chuma, kebo yenye ganda la chuma lisilovikwa plastiki, au kebo iliyothibitishwa kwa nafasi ya namna hiyo, kwa sababu moshi wa plastiki inayoungua hapo husambazwa na feni chumba hadi chumba.

Kibali kikitoka, kazi ifanywe dari ikiwa wazi. Wengi hukwama hapa, na mara nyingi si kwa ajili ya nyaya zenyewe bali kwa kinachozishikilia. Kifungu cha 300.11 hakiruhusu kebo wala bomba kufungwa kwenye fremu ya dari, ile inayobeba vigae vya dari. Fundi aweke waya zake za kuning'inizia, zikazwe ncha zote mbili, na dari ikiwa ya kuzuia moto zitofautishwe kwa rangi au lebo. Bomba jepesi la chuma lishikwe kila futi 10, na lisivuke futi 3 kutoka kwenye kisanduku bila kushikwa. Kebo iliyolazwa tu juu ya vigae, hata iwe moja, humzuia anayetaka kuinua kigae, na mkaguzi huiona akiwa bado yuko katikati ya ngazi.

Ukaguzi uombwe kigae cha kwanza hakijawekwa, kwa kutaja namba ya kibali. Kasoro zikiandikwa, zirekebishwe na ukaguzi uombwe tena, mara nyingi kwa ada nyingine. Dari hufungwa baada ya mkaguzi kutia sahihi. Ukaguzi wa mwisho huombwa taa zikiwa zimekazwa kwenye fremu na zinawaka.