Defender ikiifuta programu yako kwa mteja, fanya hivi

Umempelekea mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa programu ya stoo. Anaifungua, Defender (antivairasi inayokuja na Windows) inalifuta faili papo hapo, naye anakupigia: "Kijana wangu, umeniletea virusi?" Usimwambie azime antivairasi. Kompyuta ya pale inachomekwa flashi za kila mtu. Siku kirusi cha kweli kikiingia, lawama ni zako.

Hatua ya 1: Soma jina la kilichokamatwa. Liko kwenye historia ya ulinzi ya Windows Security. Ukikuta `Trojan:Win32/Wacatac.B!ml`, angalia mwisho wake: `!ml` ina maana mashine imekisia kwa kufananisha. Hata hivyo, skani kwanza kompyuta unayojengea. Huenda kweli ina kirusi.

Hatua ya 2: Jenga upya. Wengi wetu tunaandika Python na kufunga kwa PyInstaller, inayogeuza msimbo kuwa faili la .exe, tena na `--onefile`, yaani faili moja tu. Faili la namna hiyo hujifumua kwenye folda ya muda, kisha huendesha vilivyomo, na virusi vingi hufanya vivyo hivyo. Tumia `--onedir --noupx` (folda badala ya faili moja, bila kubana kwa UPX), jaza jina la mtengenezaji na namba ya toleo, halafu tengeneza kisakinishi (faili la kuwekea programu kwenye kompyuta) kwa zana ya Inno Setup. Kelele nyingi huishia hapa, bure kabisa.

Hatua ya 3: Pima VirusTotal, tovuti ya kupimia mafaili. Ina antivairasi kama 70 hivi. Zikilalamika mbili tatu, endelea. Zikiwa nyingi, rudi hatua ya 2. Ila ukipandisha faili pale, kampuni za usalama nazo hulipata. Kama umeficha nywila ya kanzidata ndani ya programu (na usingepaswa), itoe kwanza.

Hatua ya 4: Ripoti. Microsoft wana ukurasa wa kupokea mafaili. Chagua kwamba wewe ni mtengenezaji wa programu, ambatisha faili, taja jina lililotokea. Tatizo ni kwamba ukijenga toleo jipya hashi (alama ya kipekee ya faili) inabadilika, na unaweza kukamatwa tena.

Hatua ya 5: Tia sahihi ya kidijitali, inayoonyesha programu ni ya nani. Sahihi ndiyo inayofanya sifa njema ya toleo hili ilifae na lijalo. Tangu Juni 2023, ufunguo wa cheti cha kusaini programu lazima ukae kwenye kifaa maalumu, iwe tokeni ya USB au huduma ya wingu. Kwa aliye Dodoma, mimi ningechagua wingu kuliko kusubiri kifurushi. Jina la kampuni kwenye maombi lifanane na lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, herufi kwa herufi, maana mtoa cheti atalihakiki. Ukishapata cheti, saini kwa signtool, zana ya Microsoft:

`signtool sign /fd SHA256 /tr http://timestamp.digicert.com /td SHA256 /a Stoo.exe`

Usiache `/tr`. Ndiyo inayogonga muhuri wa muda. Bila huo, cheti kikiisha na sahihi inakufa. Saini programu yenyewe, kisha kisakinishi, halafu hakiki:

`signtool verify /pa /v Setup.exe`

Hatua ya 6: Subiri SmartScreen. Lile dirisha lake la bluu, linaloonya kuhusu programu isiyojulikana iliyopakuliwa, ni jambo lingine. Linaangalia sifa, nayo hujengeka watu wanavyopakua. Hata cheti ghali cha EV, ambacho mwombaji wake huhakikiwa zaidi, siku hizi hakikuvushi dirisha hilo. Na usijidanganye kwa kujaribu na flashi: flashi ya FAT32 haibebi alama ya kwamba faili limetoka mtandaoni, kwa hiyo dirisha halitokei. Pakua kwa kiungo kile kile utakachompa mteja, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona programu hiyo.