SOMO: Kupima jotoridi kutoka barafu hadi mvuke, na kwa nini maji ya Mbeya hayafiki 100

Wakuu salaam. Kila muhula ikifika mada ya maada na nishati napokea ujumbe uleule: "Mwalimu, kipimajoto chetu kibovu, kimegoma kwenye 94." Hakijagoma. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrushia uzi huu.

Zoezi hili linafaa darasa la sita, la saba hadi kidato cha kwanza. Lina jambo moja tu la kuonyesha: unaweza kuendelea kuipa maada nishati, moto unawaka vilevile, na jotoridi lisipande. Mwanafunzi akishaliona hilo kwa macho yake, yabisi, kimiminika na gesi vinaacha kuwa maneno ya kukariri.

Hatua ya 1: Vifaa. Barafu ya maji matupu kama gramu 200, sufuria ndogo au bika, kipimajoto cha maabara kinachosoma kuanzia -10 hadi 110, kijiti cha kukorogea, uzi, saa ya simu, karatasi ya grafu. Kipimajoto cha homa HAPANA. Kile kinaishia nyuzi 42. Ukikitia kwenye maji ya moto kinapasuka, na kama ni cha zebaki umeshaingiza sumu darasani.

Hatua ya 2: Moto. Gesi ya mtungi mdogo au kichomeo cha spiriti. Ukishauwasha na kuurekebisha, usiuguse tena mpaka mwisho. Kwenye grafu tutaandika muda, lakini tunachokitafuta ni nishati, na muda unaweza kusimama badala ya nishati pale tu moto unapotoa kiasi kilekile kila dakika. Ndiyo maana mkaa haufai: unaanza kwa uvivu, unakolea, kisha unafifia. Ukipunguza au ukiongeza moto katikati, grafu yako haina maana.

Hatua ya 3: Barafu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nilishaharibu mbele ya darasa zima. Ukiweka bonge la barafu sufuriani, maji kidogo ya pembeni yanapata moto kabla bonge halijayeyuka. Kipimajoto kiko kwenye hayo maji, kinakusomea 5, kinakwenda 8, na barafu bado unaiona inaelea. Watoto wanaandika kwamba barafu inayeyuka kwenye nyuzi 8. Kwa hiyo: ifunge barafu kwenye kitambaa safi, iponde iwe punje, weka sufuriani na maji baridi kidogo ili punje ziguse maji kila upande. Koroga muda wote bila kupumzika, na moto uwe mdogo kabisa.

Tahadhari tatu. Usikoroge kwa kipimajoto, kile ni kioo chembamba. Usikiache kiguse kitako cha sufuria, maana kitasoma jotoridi la bati na siyo la maji. Kifunge uzi, kining'inie katikati. Na usikigandishe ndani ya maji kwenye friza eti kiwe tayari: maji yanatanuka yakiganda, utakuta vipande.

Hatua ya 4: Kusoma. Mmoja asome, mmoja aandike, mmoja akoroge. Kila nusu dakika.

Hatua ya 5: Kuchemka. Maji yakitokota kwelikweli, siyo vile vipovu vidogo vya hewa vya mwanzo, endelea kusoma kwa dakika tano zaidi. Nyuso zikae mbali na mdomo wa sufuria, mikono ya sweta ikunjwe. Mvuke unaunguza vibaya kuliko maji ya moto ya jotoridi hilohilo, na sababu yake ndiyo somo lenyewe.

Hatua ya 6: Grafu. Muda chini, jotoridi pembeni.

Utaona mstari umelala kwenye 0 wakati barafu inayeyuka, unapanda, kisha unalala tena maji yanapochemka. Sasa fanya hesabu na wanafunzi. Nishati tunaipima kwa jouli. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunataka jouli 334. Kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ni jouli 4.2. Kuigeuza gramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni kama jouli 2,260. Kwa gramu 200, kwa sisi wa Mbeya:

Kuyeyusha: 200 × 334 = jouli 66,800.
Kupandisha kutoka 0 hadi 94: 200 × 4.2 × 94 = jouli 78,960.
Kukausha sufuria yote: 200 × 2,260 = jouli 452,000.

Maana yake, kama barafu ilikuchukua dakika saba kuyeyuka, kupanda hadi kuchemka kutachukua kama dakika nane na kidogo, na kukausha yote kungechukua karibu dakika 47. Jikoni kwako dakika zitazidi, kwa sababu sufuria ya moto inapoteza joto hewani kuliko sufuria ya baridi. Usikaushe sufuria ili uhakikishe. Dakika tano zilizolala zinatosha.

Na ile 94? Maji yanachemka kwenye 100 pale kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyoyakandamiza, inapokuwa ile ya usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inapungua juu yako, maji yanapata wepesi wa kugeuka mvuke. Kadiria nyuzi moja kwa kila mita 300. Tanga na Dar ni 100, Dodoma kama 96, Arusha kama 95, Mbeya yetu iliyo kwenye mita 1,700 hivi ni 94. Kileleni Kibo, mita 5,895, ni karibu 80. Andika unachokisoma kwenye kipimajoto.

Maswali chini.

---

Kijana wa Uyole: Asante mwalimu. Ila kipimajoto chetu nadhani kina tatizo, kimeishia 94. Naweza kupata kingine wapi?

Mwandishi: Soma kichwa cha uzi.

MkaliWaPhyz: Naomba PDF inbox.

Mwandishi: Hakuna PDF. Yote yako hapo juu, bure.

Mzee_Kigoda: Unapotosha watoto. Kitabu kinasema maji yanachemka nyuzi 100. Kwenye mtihani mtoto akiandika 94 utamlipia wewe?

Mwandishi: Kitabu kiko sahihi, na kipimajoto kiko sahihi. Kitabu kinazungumzia usawa wa bahari. Swali likisema "maji safi huchemka kwenye nyuzi ngapi katika kanieneo ya kawaida ya hewa", jibu ni 100, na wanafunzi wangu wanaandika 100. Wakiulizwa wamesoma ngapi kwenye zoezi lao, wanaandika 94. Kinachopotosha ni kumwambia mtoto afute namba aliyoiona ili ifanane na ya kitabu.

Mzee_Kigoda: Sawa, lakini ungesema hivyo tangu mwanzo.

Mwandishi: Nimesema. Aya ya mwisho kabla ya maswali.

Mama_Wawili: Mwalimu mimi siyo mwalimu, ni mzazi tu. Binti yangu yuko la sita, tumefanya jikoni jana. Kaniuliza swali nikabaki kimya: kama moto unawaka na jotoridi halipandi, ule moto unaenda wapi?

Mwandishi: Mama, swali hilo kwangu lina thamani kuliko grafu. Mwambie hivi. Jotoridi linatuonyesha chembe za maji zinatikisika na kukimbia kwa kasi kiasi gani. Lakini chembe hizo pia zinavutana. Kwenye barafu zimeshikana kila moja mahali pake. Barafu inapoyeyuka, nishati ya moto haiendi kuongeza kasi yao, inatumika kulegeza mshiko huo. Kasi haijabadilika, ndiyo maana kipimajoto hakisogei. Kwenye kuchemka ni zaidi, kwa sababu pale chembe zinaachana kabisa, na ndiyo maana 2,260 ni kubwa hivyo ukilinganisha na 334.

Nishati haijapotea. Muonyeshe: funika sufuria inayochemka kwa mfuniko wa baridi, ngoja kidogo, ufunue kwa kitambaa. Mfuniko una matone na umekuwa wa moto sana. Mvuke ulipogusa mfuniko ukarudi kuwa maji, ukairudisha ile nishati yote. Ndivyo mvuke unavyoifanya ngozi pia, kwa hiyo kitambaa tafadhali.

Mama_Wawili: Amefurahi! Sasa anauliza kama ndiyo sababu maji ya mtungi wa bibi yanakuwa baridi bila friji.

Mwandishi: Ndiyo hiyo hiyo, kinyumenyume. Maji yanapenya vinyweleo vya udongo mpaka nje, yanageuka mvuke taratibu bila kuchemka, na nishati ya kufanya hivyo yanaichota kwenye mtungi na maji yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa kavu yanapoa zaidi. Pwani, siku za unyevunyevu, mtungi huohuo hauridhishi. Mpe binti vipimajoto viwili, kimoja kwenye mtungi, kingine kwenye ndoo ya plastiki iliyokaa kivulini pembeni yake, asome asubuhi na jioni. Lete majibu hapa.

Chap_Chap: Mbona kwangu barafu imeyeyuka chini ya sifuri? Ilianza -2. Nilitumia barafu za ubuyu za jirani, maji matupu sikuwa nayo.

Mwandishi: Hatua ya 1 inasema maji matupu. Zile zina sukari, na sukari au chumvi inashusha kiwango cha kuganda. Sufuria utaikwangua wewe.

Mwl_Nakuru: Salamu kutoka Nakuru, nafunza sayansi Gredi ya 7. Sisi pia tunapata 94. Shida yetu stima hupotea wiki nzima, hakuna barafu. Kuna njia nyingine?

Mwandishi: Karibu sana mwalimu. Tumia mshumaa. Katakata nta, ondoa utambi, weka kwenye kikopo kidogo, kisha kikopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. USIWEKE nta juu ya moto moja kwa moja, inashika moto, na ikishika usimwagie maji. Ikishayeyuka yote, tia kipimajoto, toa kikopo kwenye maji, soma kila dakika wakati inapoa. Mahali fulani kati ya nyuzi 50 na 65 kasi ya kushuka itapungua sana, nta inaganda na kutoa nishati. Mstari hautalala kabisa kama wa barafu kwa sababu nta ni mchanganyiko wa vitu vingi, kila kimoja na kiwango chake. Kabla ya kutoa kipimajoto, rudisha kikopo kwenye maji ya moto. Ukikivuta kwenye nta iliyoganda kinavunjika.

Mwl_Nakuru: Ahsante. Basi ndiyo maana githeri (mahindi na maharage) huku inakula gesi?

Mwandishi: Ndiyo maana. Maharage hayajali kama maji yanatokota, yanajali jotoridi, na kwenye 94 yanaiva polepole. Ukiongeza moto unaongeza mvuke tu. Sufuria ya presha inapandisha kanieneo, maji yanavuka 100, maharage yanaiva. Au punguza moto mpaka yatokote kidogo tu, funika; muda ni uleule, gesi unaokoa.

Nyota_ya_Lushoto: Niulize la pembeni. Ni kweli maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi? Hapa kwetu tunasikia habari za Mpemba tangu utoto.

Mwandishi: Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi Magamba, huko huko kwenu, mwaka 1963. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, akawahi nafasi ya friza kwa kuweka maziwa yakiwa bado ya moto, na yake yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza akachekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule. Osborne alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo: wengine wanaiona, wengine wanapima kwa uangalifu na hawaioni.

Nyota_ya_Lushoto: Basi nitajaribu na darasa langu. Nianzie wapi?

Mwandishi: Vikopo viwili vinavyofanana kabisa, uzito wa maji sawa kwa mizani na siyo kwa macho, kimoja nyuzi 30 na kingine 70. Kwanza kwangua barafu yote kwenye sakafu ya friza. Kikopo cha moto kikiyeyusha barafu ya chini yake kinagusana na bati vizuri zaidi, na hapo utakuwa unapima sakafu ya friza. Rudieni mara nyingi, mkibadilishana nafasi za vikopo. Na amueni kabla ya kuanza "kuganda" kwenu ni lini, ngozi ya kwanza juu au kikopo kizima, msije mkagombana mbele ya friza.