Somo: Kujiandaa na mafuriko ya Mto Tana kabla maji hayajafika mlangoni

Salaam wanachama. Somo hili ni la familia zinazoishi na kulima kando ya Tana, kuanzia Madogo, Bura na Hola hadi Garsen na kule delta. Wa kwingine achukue linalomfaa.

Kwanza tuelewane jambo moja. Mafuriko yetu mara nyingi hayaletwi na mvua inayotunyeshea sisi. Maji yanateremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yanajaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mabwawa yakishajaa yanamwagika kuja kwetu. Safari hiyo huchukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo akiba yetu. Novemba 2023 kwetu jua lilikuwa kali, mahindi yameanikwa uani. Magharibi ilipoingia maji yalikuwa yamefika shina la mwembe. Hayakuwa na kishindo. Yalipenya majanini polepole kama mafuta yaliyomwagika, na siafu wakaanza kupanda nguzo za nyumba. Tuliondoka usiku na watoto mgongoni, mbegu zote tukaziacha.

Hatua ya 1: Sikiliza habari za juu ya mto
Msimu wa vuli na wa masika, fuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwenye redio, na hasa taarifa za mabwawa. Ukisikia Masinga imejaa, anza kufungasha siku hiyo hiyo. Kama una jamaa Garissa, mpigie umuulize mto umefika wapi, maana yeye atayaona maji kabla ya watu wa Garsen.

Hatua ya 2: Weka kijiti chako cha kupimia
Hili halina gharama. Chukua mti mnyoofu, ukate alama kwa panga kila baada ya shubiri moja, uusimike kati ya mto na nyumba, mahali ambapo maji hupita yakifurika. Usiusimike ukingoni kabisa, kuna mamba. Alama ziwe kubwa uzione ukiwa mbali. Maji yakigusa shina la kijiti, angalia kila saa na uandike. Yakipanda alama mbili kati ya adhuhuri na magharibi, usilale hapo. Giza likishaingia huoni shimo, huoni nyoka, huoni kiboko.

Hatua ya 3: Ndoo ya kuondoka nayo
Tafuta ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko unaobana. Ndani yake weka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto na karatasi za shamba, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Ongeza dawa za mgonjwa wa kila siku, kiberiti, tochi, chumvi, sukari, dawa ya maji, na pesa kidogo taslimu, kwa sababu mtandao ukikatika pesa za simu hazitakusaidia. Ile simu ndogo ya mulika mwizi inayokaa na chaji siku nyingi iwe humo pia. Chandarua kifungwe juu ya ndoo. Baada ya mafuriko mbu huwa wengi mno, na malaria haichelewi.

Mbegu zitie kwenye chupa kavu za plastiki, ukaze vifuniko. Chupa moja ya mbegu za mahindi na moja ya kunde ndiyo tofauti ya kupanda maji yakishuka na kungojea msaada.

Hatua ya 4: Mkubaliane mapema mtakwenda wapi
Chagueni mwinuko, mpite njia hiyo kwa miguu mkiwa na watoto wakati wa kiangazi. Nani anambeba bibi? Nani anafungua mbuzi? Mnyama asiachwe kamwe amefungwa kamba.

Maji yanayokwenda kasi msiyavuke, hata yakiwa chini ya magoti. Mashua iliyojaa kupita kiasi msiipande. Aprili 2024 mashua ilizama Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo, na watu wakapoteza maisha. Msaada wa dharura wa Msalaba Mwekundu unapatikana kwa 1199, bila malipo.

Hatua ya 5: Mkiwa kambini
Vyoo vya shimo vikifurika, kila kisima kihesabuni kuwa kichafu. Maji ya tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha uyachemshe mpaka yatokote sana, au utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje nusu saa. Mtu akiharisha, mpe maji safi lita moja yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Hola: Mwalimu, baba yangu hataki kuhama. Anasema hata mafuriko makubwa ya mwaka 1961 hayakufika hapa.

Jibu: Mzee hasemi uongo, ndugu yangu, na usimbishie mbele ya watu. Lakini mto huu huhama. Palipokuwa mkondo wakati wa ujana wake leo pana shamba, na palipokuwa shamba leo pana mkondo. Mpeleke kwenye kijiti ajionee maji yanavyopanda. Kisha mwombe akatangulie mwinukoni awapokee wajukuu. Wazee wengi hukataa kukimbia, ila wakipewa kazi ya kulinda watoto huenda.

Swali, kutoka Garsen: Nina mimba ya miezi minane. Nisubiri wenzangu?

Jibu: Usisubiri, dada. Taarifa ya mabwawa ikitoka tu, nenda ukakae kwa jamaa aliye karibu na hospitali, upande ambao barabara haikatiki. Beba kadi ya kliniki, kanga safi na wembe mpya.

Swali, kutoka Madogo: Maji yameshuka, sasa mbuzi wangu wanatupa mimba mfululizo. Ni baridi?

Jibu: Usidhani ni baridi. Mbuzi wengi kutupa mimba kwa pamoja baada ya mafuriko ni dalili ya homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu na huua watu pia. Ilituua kaskazini mashariki baada ya mvua za El Nino za 1997. Usishike vijusi kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, usile mzoga, na maziwa yachemsheni. Mwite daktari wa mifugo leo hii. Na mtu yeyote nyumbani akipata homa kali au kutokwa damu, mpelekeni hospitali mkaeleze habari za hao mbuzi.