Kuzisaka Anwani za IP Zilizoharibika katika Logi za Seva

Tuseme unasimamia seva ya chama cha akiba na mikopo mjini Kisumu, ambayo wanachama huifikia kwa simu kutoka Ahero, Muhoroni na Bondo, na ripoti ya maombi yaliyoingia imekwama kwa sababu hifadhidata imekataa kuzisoma anwani fulani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao. Wengi hukimbilia kuifuta mistari iliyokataliwa. Nakusihi usifanye hivyo, kwa maana umbo la kosa ndilo linaloonyesha lilikotokea.

Zipakie kwanza logi zote, yaani kumbukumbu za maombi ambazo seva huziandika, kwenye jedwali ambalo safu yake ya anwani ni ya aina ya text (maandishi yoyote), wala si inet (aina inayokubali anwani za mtandao tu), ili hata mstari ulioharibika uingie kama ulivyo. Katika mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL 16, uliotolewa mwaka 2023, au toleo la baadaye, uliza hivi:

SELECT anwani, count(*) FROM logi
WHERE anwani IS NULL OR NOT pg_input_is_valid(anwani, 'inet')
GROUP BY anwani ORDER BY count(*) DESC;

Sharti la IS NULL ni la lazima, kwa kuwa pg_input_is_valid, ambayo hupima kama maandishi yanakubalika kwa aina iliyotajwa, ikipewa NULL (pasipo na thamani) hujibu NULL, na mistari isiyo na anwani ingepita bila kuonekana. Anayetumia mfumo wa MySQL anaweza kupima anwani kwa IS_IPV4 na IS_IPV6.

Yasome matokeo bila haraka. "203.0.113.9:51234" ni anwani nzima iliyobandikwa namba ya poti. "203.0.113.9, 10.0.0.3" ni orodha iliyotoka kwenye X-Forwarded-For, kichwa cha maelezo kinachoambatana na ombi, ambamo kila proksi (seva ya kati inayopitisha maombi) huongeza anwani ya aliyeifikia. Lakini "192.0.2.300" haiwezi kuwepo kabisa, kwani kila sehemu ya anwani ya IPv4 ni namba kuanzia 0 hadi 255. Hii ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi: anwani ambayo seva imeisoma kwenye muunganisho wenyewe haiwezi kuwa na umbo hilo, ilhali X-Forwarded-For mteja yeyote anaweza kuiandika apendavyo. Chunguza basi kama programu yako inakiamini kichwa hicho hata pale ambapo hakikuletwa na proksi yako mwenyewe.

Liko jambo jingine linalowaponyoka hata wazoefu. Aina ya inet hukubali "192.168.1.5/24", ingawa anwani ya mteja kwenye logi haipaswi kuwa na mkwaju (alama ya /), kwa hiyo uliza tena kwa WHERE anwani LIKE '%/%'.

Ukisharidhika, ongeza safu mpya ya inet na uijaze kwa anwani zilizo sahihi pekee. Ile ya maandishi ibaki kama ilivyo.