Kabla ya kwenda kuishangilia timu ya chuo kwenye chemshabongo ya kemia

Shabiki aliyezoea kwenda Kwa Mkapa, akiingia ukumbini kwenye chemshabongo ya kemia, dakika za mwanzo huwa anateseka. Hakuna mpira unaokaribia goli. Kuna meza, kengele, vijana wachache kila upande, na mtu anayesoma maswali kwa Kiingereza bila kupumzika. Kelele shabiki anazo, ila hajui aziweke wapi. Ndiyo maana maandalizi ya ushangiliaji huu yanaanzia kwenye kanuni za mchezo; ngoma na fulana zitafuata baadaye.

Wiki moja kabla, mwombeni nahodha wa timu karatasi ya kanuni, muisome kwenye kundi lenu la WhatsApp mpaka kila mtu aelewe. Mambo ya kutafuta humo ni machache. Nani anaruhusiwa kutamka jibu? Wanapewa sekunde ngapi? Swali likikosewa, linahamia kwa wapinzani au linafia hapo hapo? Na zaidi ya yote, je, kukosea kunakata alama? Hili la mwisho linabadilisha kila kitu. Chukua mfano wa shindano la sayansi na hisabati la shule za sekondari za Ghana, lililoanza mwaka 1993 na ambalo mashabiki wake wanaimba kama wako uwanjani. Kwenye raundi yao ya kweli au si kweli, jibu sahihi ni alama 2, kosa linakutoa alama 1, na timu inaruhusiwa kuliacha swali lipite. Kwenye raundi ya vitendawili, anayejibu kwa dokezo la kwanza anapata alama 5, la pili 4, na kuanzia la tatu ni 3. Mchezaji aliyenyamaza hapo huenda anapiga hesabu: ahatarishe sasa au asubiri dokezo jingine? Shabiki asiyejua kanuni atapiga kelele "Bonyeza! Bonyeza!", na kijana wa watu atabonyeza kabla hajawa tayari.

Jambo la pili ni kunyamaza, na hili linahitaji mazoezi kuliko nyimbo. Watu wengi wanadhani kosa la shabiki ni kutaja jibu kwa sauti. Hilo ni kosa, na mwamuzi akilisikia atalifuta swali au atakutoa nje, lakini anayetaja jibu waziwazi ni nadra. Kinachowaponza mashabiki wa kemia ni mguno.

Tuseme limeulizwa swali la zamani linalopendwa sana: asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi wa 10⁻⁸ moli kwa lita, pH yake ni ngapi? (Moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe; pH hupima uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi, kinyume cha asidi.) Anayekimbilia fomula anapata 8. Lakini asidi, hata uizimue kwa maji namna gani, haiwezi kugeuka besi. Maji yenyewe yana ioni zake za hidrojeni, moli 10⁻⁷ kwa lita, na kwa ukolezi mdogo kiasi hicho huwezi kuzipuuza. Ukizihesabu zote unapata kama 6.98. Sasa mchezaji wenu anasimama, anaanza, "Eight…", na safu nzima ya wanakemia nyuma yake inaguna, "Aaaah!" Anasita, anageuza, "six point nine eight." Ukumbi unalipuka, waamuzi wanaangaliana, na swali linafutwa. Wapinzani wana haki kabisa ya kulalamika: mguno ule ulikuwa msaada. Vivyo hivyo kutikisa kichwa, kuchezesha midomo, kucheka kabla mwamuzi hajatamka. Kwenye raundi ya kweli au si kweli, uso wako tu unatosha kuwa jibu. Kwa hiyo kaeni na nahodha mkubaliane ishara moja ya kiongozi wa mashabiki, mkono juu kwa mfano, ikimaanisha kimya mpaka mwamuzi aseme. Mkishindwa kujizuia, waketisheni mbele wanafunzi wa sheria na lugha. Hawana cha kuguna.

Hilo si utani tu. Kundi zuri la mashabiki linachanganya watu wa vitivo vyote, na wasiosoma kemia wanahitaji kupewa kidogo cha kushika. Hawahitaji kupiga msuli. Wajue kwamba elementi zinazotambuliwa ni 118, na kwamba nne za mwisho kuingia, nihoniamu, moskoviamu, tenesini na oganesoni, zilipitishiwa majina rasmi Novemba 2016. Waandaaji wanazipenda kwa sababu chati nyingi za ukutani mashuleni hazinazo. Wajue kwamba alama nyingi zinazochanganya zimetoka kwenye majina ya Kilatini: Na ni sodiamu, K ni potasiamu, Fe ni chuma, Au ni dhahabu, Pb ni risasi, Hg ni zebaki. Wajue kwamba tangu Mei 2019 moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, bila makadirio. Na wasishangae likija swali la Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba aliyegundua mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliokuwa wa moto uliganda kabla ya uliopoa. Makala yake na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 1969. Ukiniuliza mimi, hiyo ni fizikia, lakini watunga maswali wa Tanzania hawawezi kumwacha Mpemba.

Elimu hiyo ndogo ndiyo inayozaa nyimbo. Nyimbo za mpira mkizibeba kama zilivyo zitawachosha mapema, kwa sababu zinahitaji dakika tisini na hapa mnapewa mapengo ya sekunde chache. Mwitikio mfupi unafaa zaidi. Kiongozi anataja namba ya atomu, umati unajibu:

"Sita!" "Kaboni!"
"Ishirini na sita!" "Chuma!"
"Sabini na tisa!" "Dhahabu!"
"Themanini!" "Zebaki!"

Unaenda na makofi mawili katikati, na hata mtu wa sosholojia anaushika kwa jioni moja. Ila uimbeni kabla shindano halijaanza na wakati wa mapumziko tu. Katikati ya raundi, umati unaotaja namba za atomu ni sawa na umati unaofungulia timu daftari. Baada ya jibu sahihi, makofi na jina la mchezaji vinatosha. Swali linalofuata halisubiri.

Kuhusu fulana, kemia imewarahisishia kazi. Kaboni, hidrojeni, urani na oksijeni, C, H, U, O: hiyo ni CHUO, na chini ya kila herufi mnaweka namba yake, 6, 1, 92, 8. Mgongoni wekeni silikoni mara mbili, SiSi. Lakini simameni pale kwa mchapishaji mkague kabla hajaanza kuchapa, kwa sababu yeye atataka kupendezesha kwa kuandika SISI kwa herufi kubwa zote. Hapo mtakuwa mmevaa salfa na aidini, na wapinzani watawasomea hivyo hivyo mchana kutwa. Herufi ya pili ya alama ni ndogo siku zote. Co ni kobalti, CO ni gesi inayoua watu kwenye vyumba vyenye jiko la mkaa.

Makoti meupe ya maabara yanapendeza kwenye picha, nayo nayapinga. Koti ulilolivalia maabara muhula mzima lina madoa usiyojua ni ya nini, na kanuni ya kwanza mliyofundishwa ni kulivua unapotoka. Ukitaka weupe, nunua fulana nyeupe.

Hapo hapo niseme la moshi. Kila kundi la wanakemia lina mmoja anayetaka kuonyesha ufundi: moshi wa rangi, miali ya kijani, pamanganeti na gliserini. Mchanganyiko huo wa mwisho unawaka wenyewe bila kibiriti, na haukupi saa ya kuwaka. Unaweza kutulia kidogo, ukadhani umegoma, ukainama kuuangalia. Ukumbi una mapazia, viti vya mbao na milango miwili. Mwambieni mapema, tena faragha, kwamba haingii na chupa yoyote isipokuwa ya maji ya kunywa.

Ngoma na vuvuzela ombeni ruhusa kwa waandaaji kwa maandishi, kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi ya chuo chenu. Ofisi hiyo hiyo ndiyo ya kuiomba basi, na basi la chuo halipatikani kwa ombi la juzi. Likikosekana, hesabuni nauli kabla bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, halijaisha. Tuseme mnatoka Morogoro kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Treni ya SGR ni ya haraka kuliko basi, lakini tiketi inataka jina na kitambulisho, kwa hiyo orodha ya majina iwe tayari mapema, majina kamili, si yale ya mtaani. Mkishuka Dar, kituo cha mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali. Pandeni mpaka Ubungo, kisha daladala au bajaji kuingia chuo. Asubuhi watu wengi wanaingia mjini, ninyi mtakuwa mnatoka, hivyo mtapata nafasi. Jioni wao watakuwa wanatoka na ninyi mnarudi mjini, lakini wekeni muda wa ziada. Getini watahitaji vitambulisho vya chuo, na aliyekisahau asitegemee fulana yake imtetee. Mkipata nafasi, zungukeni mkauone Ukumbi wa Nkrumah. Ni ule uliokuwa nyuma ya noti ya 500, kabla noti hiyo haijaondolewa kwenye matumizi mwaka 2025.

Joto la Dar ni sehemu ya maandalizi, hasa kama shindano liko Februari au Machi. Maji kila mtu abebe yake. Na joto hilo linanileta kwenye jambo ambalo lazima mlizungumze kabla hamjafika: rufaa. Swali linaweza kuuliza elementi gani ni kimiminika kwenye joto la kawaida la chumba. Jibu linalotarajiwa ni bromini na zebaki. Mchezaji wenu mwerevu anaongeza galiamu, kwa hoja kwamba inayeyuka kwenye nyuzi 29.76 za Selsiasi na ukumbi huo umefika 31. Kwa Dar ya Februari ana hoja, hata siziamu inayoyeyuka kwenye 28.5 ingemtetea. Lakini vitabu vinapotaja joto la chumba kwa kawaida vinakusudia 25, na mwamuzi atamnyima alama. Mashabiki wakizomea, shauri limeharibika, kwa sababu waamuzi hawapendi kuonekana wametishwa na ukumbi. Mwenye haki ya kukata rufaa kwa kawaida ni nahodha peke yake, kwa utaratibu na ndani ya muda uliowekwa. Kazi yenu ni kumpa ukimya wa kusema. Akishinda rufaa, pasueni paa.

Simu zizimwe sauti, na zisiinuliwe juu wakati swali linasomwa hata kama unarekodi tu; kwa mwamuzi aliye mbele, mkono wenye simu unafanana na mkono unaotuma jibu. Chagueni mtu mmoja wa picha, mjulishe mwandaaji, wengine waweke mfukoni.

Utani kwa wapinzani upo na usipokuwepo siku itapooza. "Wamechemka!" inaruhusiwa, tena kwenye kemia inanoga. Isiyoruhusiwa ni kumlenga mtu: lafudhi yake, kabila lake, mwili wake, au msichana aliye peke yake kwenye timu ya wavulana. Kiongozi wa mashabiki amkatize anayeanza, papo hapo, kwa kuanzisha wimbo mwingine juu yake. Nyimbo mbili za akiba kwa kazi hiyo zinatosha.

La mwisho ni chakula cha timu, na hapa wengi husahau. Wachezaji hawali vizuri asubuhi kwa wasiwasi, wakitoka saa tisa wamelegea. Mchangishane mapema, mtu mmoja apewe fedha na kazi ya kuhakikisha wali maharage au chipsi mayai vinawasubiri nje, washinde wasishinde. Kisha hesabuni watu kwa orodha ile ile ya tiketi kabla ya kuanza safari ya kurudi, maana daima kuna wawili waliokwenda kupiga picha Nkrumah wakasahau muda.