Ng'ombe akitokwa udenda, usimtie mkono kooni

"Bwana mifugo, njoo haraka, ng'ombe wangu amekwamwa na gunzi." Simu za kichaa cha mbwa huanza hivyo mara nyingi, wala mbwa hatajwi. Ng'ombe hali, udenda unamchuruzika, anapeleka mdomo kwenye maji lakini hayapiti. Mwenye mali ana uchungu, anamshika taya na kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akilitafuta gunzi. Gunzi halipo. Koo ndilo limepooza, na mate yale yana virusi. Mkwaruzo mdogo wa jino au wa kuchuna miiba unatosha kuwapa njia.

Kwa hiyo ng'ombe, mbuzi au punda anayetokwa udenda na kushindwa kumeza, mhesabu ana kichaa mpaka mtaalamu amwone. Sikiliza pia sauti: hulia mfululizo hadi sauti inakauka. Hujikamua kama anayetaka kunya na hakitoki kitu, hugonga kichwa kwenye nguzo za zizi, miguu ya nyuma hulegea. Wengine hawana ukali kabisa, hupooza kimya kimya, na hao ndio wanaotuponza. Mtenge, fukuza watoto wasimkaribie, piga simu.

Usimchinje ili kuokoa nyama. Najua ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, lakini anayepasua kichwa na kuchuna anashika ubongo na mate kwa mikono mitupu. Maziwa yamwagwe. Akifa, mtaalamu achukue sampuli kichwani, kisha afukiwe kwenye shimo refu.

Hapo jiulize: kuna mbwa mgeni aliyepita zizini miezi ya nyuma? Virusi hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa binadamu kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3, ndiyo maana dalili hutokea wakati kidonda kimepona na tukio limesahaulika.

Mtu aking'atwa, au mate yakigusa kidonda chake, osha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na umalize sindano zote hata kama kidonda kimefunga. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Na tafadhali, mtoto akisema ameng'atwa, asichapwe kwa kuchokoza mbwa. Anayeogopa fimbo huficha kidonda.

Kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti lawama huenda kwa fisi na mbweha. Ni kweli wanaugua na wanang'ata, na nyegere anayeingia uani mchana bila woga usimsogelee. Ila tafiti za miaka mingi huko zimeonyesha kuwa mbwa wetu wa nyumbani ndio wanaoufanya ugonjwa uendelee. Hata mbwa mwitu, ambao makundi yao yalitoweka kwenye mbuga za Serengeti mwaka 1991, walikuwa wamekutwa na kichaa. Sisi ndio tunaopaswa kuwalinda wanyama hao, si kuwaogopa tu.

Kinga basi inaanzia kwa mbwa. Wakichanjwa angalau 70 kati ya kila 100 kijijini, ugonjwa hukosa pa kupita. Lakini mbwa huzaliana na kufa upesi, hivyo chanjo ya mwaka juzi haihesabiki tena, lazima irudiwe kila mwaka.

Siku ya chanjo mbwa aletwe na mtu mzima aliyemzoea, kwa kamba imara, asitumwe mtoto. Kadi itunzwe pamoja na vyeti vya nyumbani. Watu wengi huwaacha watoto wa mbwa wakidhani ni wadogo mno. Waje nao, hata wasiofikisha miezi 3, chanjo haiwadhuru. Wabebe kwenye kikapu.