SOMO: Kipozeo cha maji kipo, prosesa bado inachemka

Wakuu, hili linajirudia kila mara: mtu kajiundia kompyuta, kafunga kipozeo cha maji, halafu prosesa (ubongo wa kompyuta) inagonga nyuzi joto 95. Anakimbilia kununua kipozeo kingine. Usinunue kitu kwanza. Chukua saa.

Hatua ya 1: Pima joto linavyopanda

Washa HWiNFO (programu ya kusoma joto), iache kompyuta itulie dakika 10, andika joto. Kisha endesha Cinebench (programu ya kuibana prosesa kazi) ukiwa na jicho kwenye saa. Kuruka nyuzi 20 au 30 sekunde za mwanzo ni kawaida kwa prosesa za siku hizi. Tunachotafuta ni kinachofuata.

Ikifika kileleni papo hapo na kuganda huko, joto halifiki kwenye maji: kagua mgusano kati ya prosesa na bamba la kipozeo. Ikipanda polepole kwa dakika 10 au 15, maji yanalipokea joto lakini rejeta (sehemu yenye feni inayopoza maji) inashindwa kulitoa. Ikipanda hata ukiwa umekaa tu ndani ya BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama), mshuku pampu inayozungusha maji.

Angalizo: prosesa ya Ryzen 9 7950X imeundwa kufika nyuzi 95 ikibanwa kazi zote. Hiyo si homa, ndiyo tabia yake.

Hatua ya 2: Pampu

Ingia BIOS usome mizunguko ya pampu. Pampu nyingi huenda kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika. Kosa la kawaida ni waya wa pampu kuchomekwa kwenye soketi ya feni ya kasha, ubao mama ukaipunguza kasi ukidhani ni feni. Iweke 100% muda wote.

Ikisoma sifuri usiizike bado, huenda waya wa kipimo haukuchomekwa. Weka kidole juu ya kichwa cha pampu, kile kilichokaa juu ya prosesa, utasikia mtetemo mwembamba. Kisha shika mirija miwili karibu na hapo huku prosesa ikifanya kazi. Mmoja ukiwa moto na wa pili baridi kabisa, maji yamesimama.

Hatua ya 3: Mgusano

Zima, chomoa umeme, legeza skrubu za kichwa hicho kwa mshazari, zamu kwa zamu. Tazama pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na bamba) kabla hujaifuta, maana ndiyo ushahidi wako: ikiwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, kichwa kilikaa kimeinama upande. Ikiwa haikusambaa kabisa, vishikizo vyako huenda ni vya soketi nyingine. Vya LGA1200 na LGA1700 (soketi za prosesa za Intel) havilingani.

Mimi sina haki ya kumcheka mtu hapa. Jioni mbili nzima nililaumu pampu, kumbe ile nailoni ya kiwandani bado iko juu ya bamba la shaba, imekunjamana na pesti imeipaka vizuri tu.

Safisha pande zote mbili kwa spiriti ya isopropili, weka pesti mpya kiasi cha punje ya kunde, kaza tena kwa mshazari.

Hatua ya 4: Rejeta na feni

Vumbi kwanza. Halafu mwelekeo wa feni: upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota, kwa kawaida ndiko hewa inakotokea. Sehemu ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu, kwa sababu hewa iliyomo ndani hupanda. Rejeta ikiwa chini kabisa, hewa hiyo inahamia kwenye pampu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu nikiiwasha inagugumia kama mtu anasukutua.
Jibu: Hewa hiyo. Ikinyamaza baada ya dakika chache, achana nayo. Ikiendelea, angalia rejeta imekaa wapi, kisha inamisha kasha taratibu huku na huku ili hewa iondoke kwenye pampu.

Swali: Naweza kuongeza maji ya bomba?
Jibu: Hapana. Yana madini yanayoganda ndani. Vipozeo vingi vilivyofungwa kiwandani havifunguliwi. Kama mfumo umeujenga mwenyewe, tumia kimiminika chake maalumu, na usichanganye rejeta ya alumini na bamba la shaba, alumini italiwa.

Swali: Fundi, nimefuata zote. Pampu 2,800, pesti mpya, mirija yote vuguvugu. Dakika ya 12 inafika 93, na ni kwenye gemu tu.
Jibu: Rejeta iko mbele au juu?
Swali: Juu, feni zinatoa hewa nje.
Jibu: Basi inapulizwa na joto la kadi ya picha. Fungua ubavu wa kasha, cheza gemu lile lile muda ule ule, rudi na namba.
Swali: Imeshuka hadi 81.
Jibu: Kipozeo chako ni kizima. Ongeza feni mbili za kuingiza hewa mbele, ufunge ubavu, upime tena dakika ya 12.